Bipu Moja, Nimelala

Benchi la Alhamisi tulilikata kwa chaki:
alama, nafasi, alama, nafasi.
Wanane waliozoea kukaa bega kwa bega
wakawa watatu,
na wiki iliyofuata likabaki benchi
na ndoo yenye bomba, na kipande cha sabuni
kilichofungwa kamba kisitembee.

Daktari akasema, tutawafuata kwa simu.
Alisema kama anayetuma watu wachote maji kwa tenga.
Nikapewa daftari, vocha za mia tano,
kitochi chenye kioo kilichopasuka
na majina arobaini na moja
niliyozoea kuyasoma usoni.

Sikujua nusu ya kazi yangu ilikuwa macho.
Kwenye simu hakuna kucha zilizotafunwa,
hakuna blauzi iliyovaliwa nje ndani,
hakuna mguu unaocheza chini ya meza.
Kuna pumzi.
Nikajifunza pumzi.

Sikudhani wa Mbagala Kizuiani,
chumba kimoja, watoto wanne, shule zimefungwa,
hunipigia akiwa choo cha uani.
Hufungulia maji yaporomoke ndooni
wapangaji wenzake wasisikie.
Ndoo ikijaa, dakika zetu zimekwisha:
"Haya shangazi, hela ya kikoba nitaleta kesho,"
anasema kwa sauti ya mbele za watu,
na bati la mlango linalia.

Rehani, fundi cherehani wa Tandika,
yule anayeitwa na watu wa ndani ya feni,
alinikatia simu mara sita.
Ya saba akaniuliza:
"Nitajuaje kuwa ni wewe?
Sauti zisizo na watu ninazo tayari."
Swali la haki. Chuoni hawakutufundisha jibu.
Tukatafuta jambo ambalo wale hawalijui:
siku yake ya kwanza kliniki
nilimmegea nusu ya kachori,
pilipili ikamtoa machozi, tukacheka.
Tangu hapo hatuanzi kwa habari za asubuhi.
Nasema, "Kachori."
Anasema, "Pilipili."
Ndipo tunaongea.

Dawa zilipanda bodaboda.
Chande wa kijiwe cha Kwa Azizi Ali
alipeleka bahasha za kaki hadi Charambe,
na kwa wenye shingo ndefu alisema: vidonge vya presha.
Hakuna aliyemfundisha uongo huo.
Siku moja, helmeti magotini,
akauliza kama anayeuliza bei ya spea
iwapo kipo kidonge cha mtu asiyelala
tangu amzike kaka yake usiku,
watu wachache, mbio mbio.
Nikaandika jina la arobaini na mbili.

Vocha zilipokata, tukakubaliana bipu.
Moja: nimelala. Mbili: sikulala.
Tatu: nipigie sasa hivi, chai utamalizia baadaye.
Alfajiri simu inatetemeka juu ya stuli
kama mende aliyepinduka.
Moja. Moja. Mbili. Moja.
Nachora vijiti.
Mzee Lugendo hubipu mara tisa
ili awe na uhakika.

Wengine hawakubipu.
Sitawapamba hapa.
Upo mstari wenye jina na viboksi vitupu kumi na kimoja,
na namba ambayo haipatikani kwa sasa,
anasema yule mwanamke asiyechoka.

Usiku mmoja nilijifukiza,
malimao, mchaichai, blanketi hadi kisogoni,
mahali pekee ambapo jasho na chozi
havidaiwi vitambulisho.
Nilipotoka nikashika simu.
Sijui kidole kilitumwa na nani.
Mara mbili, kwa Sikudhani.

Haikupita dakika, ikaita,
kwa salio lake, la vitumbua vyake.
Nyuma yake hakukuwa na maji.
"Sista Salvina, nimetoka nje kabisa, niko kibarazani,
wote wamelala. Leo sema wewe."

Chumba cha pili mama yangu alikuwa akikohoa,
macho, masikio wazi.
Nikaenda bafuni,
nikaweka ndoo chini ya bomba,
nikafungulia.