Kwa Raya, Kabla Hujabonyeza Kidude Chekundu

Usianze na mashine, Raya. Anza na masikio.
Ingia chumbani kwa bibi yako saa nane mchana,
kaa juu ya mbuzi ya nazi, fumba macho, hesabu:
friji la ukumbini linaguruma kama paka aliyeshiba,
bomba la uani linatona,
vifaranga, pikipiki ya Faki,
na bati, bati lenyewe hulia likipigwa na jua.
Wewe huvisikii. Umezaliwa navyo.
Kinasa sauti hakikuzaliwa Limbani:
kwake kila kitu ni mgeni,
na kila mgeni humkaribisha.

Friji lizime. Najua, barafu za mama yako.
Lizime, na funguo zako za mlango zitie humo ndani,
hutatoka ukasahau kuliwasha.
Mie nilisahau, arusi moja ya Mtambwe,
samaki wa watu mia mbili.
Mpaka leo njia ile siipiti.

Ukuta wa saruji hauna siri,
ukiuambia neno, nao unalisema.
Uvishe. Godoro la sufi lisimamishe nyuma yake,
magunia ya karafuu yatandike chini
(yakung'ute kwanza, vumbi lake litamkohoza),
kanga ning'iniza dirishani, mbili mbili.
Hayo masponji ya Mjini yaache dukani.
Studio babu yako alikwisha kuinunua,
hakulijua jina lake tu.

Maiki usiibane kwenye mtandio, hariri hunong'ona.
Ibane kifuani, shubiri moja chini ya kidevu.
Bangili mwombe avue.
Hazitoki? Hazijatoka tangu alipoolewa.
Basi mpe mto apakate,
mikono ipate pa kulala.

Mwulize alikula nini asubuhi, huku unatazama mshale.
Muhogo atautaja kwa upole,
lakini akifika pale walipomnyima shamba lake la Kiuyu
atapanda, na mshale utapanda naye.
Mwachie nafasi juu.
Sauti ndogo utaikuza,
iliyopasuka haishonwi.

Picha, basi. Dirisha lisiwe mgongoni mwake,
utatuletea kivuli kinachosema.
Liwe ubavuni, jua liguse shavu moja.
Simu ilaze, iegemeze kwenye cherehani,
na ukitaka uso wake uwe karibu
usivute kwa vidole, sogea wewe.
Miaka kumi na tisa nilibeba kamera begani,
upande wa wanawake, kule ndani
asikofika mpiga picha wa kiume.
Nilijifunza kwa magoti.

Maharusi wale wote nilikuwa nao kabatini, Raya,
kanda juu ya kanda, jina la kila mmoja kwa wino wa bluu.
Juzi nimefungua. Ukungu.
Nimeweka moja, ikaonyesha mvua tupu,
na ndani ya mvua, mkono wa mtu wenye hina.
Sikuujua wa nani.

Kwa hiyo usiku huo huo, kabla hujala, toa nakala.
Moja kwako, moja kwangu,
moja ivuke maji iende kwa mjomba wako Tanga.
Nakala moja si nakala,
ni bahati.

La mwisho, na hili watu hulipuuza:
akishamaliza, usizime.
Nasa dakika nzima ya chumba bila neno.
Siku ya kukata kikohozi
utahitaji kiraka, na kimya cha kuazima hakifanani,
cha Chake kina rangi yake, cha Limbani yake.
Bi Mize hatakuachia dakika nzima.
Haitafika nusu, atauliza:
"Mbona mmenyamaza? Nani kafa?"
Na hilo pia liache.

Halafu nenda ukumbini, washa friji,
kachukue funguo zako.
Zitakuwa zingali na baridi.