Meza ya Tabata

Kioo kipya, inchi ishirini na nne:
nimekilipia miezi saba, mdogo mdogo.
Kando yake saa ya kutia ufunguo,
niliipata Mchikichini kwa Chitanda wa vyuma,
huchelewa dakika nane, wala haioni haya.
Senti tano ya samaki, jirani na kipanya.
Kanda tatu zisizo na wa kuzichezesha.

Na taipu ya baba, karani wa reli,
iliyong'oka h kabla sijazaliwa.
Barua zake zote kwa mama zilianza
*abari za uko*,
na mama alizisoma hivyo hivyo, kwa sauti,
akicheka peke yake jikoni.

Shemeji Mwanakombo huniuliza:
"Hii ofisi au gulio?"
Sina jibu. Nafuta vumbi.

Jana saa tatu usiku umeme ukakatika.
Kioo kikazimika katikati ya neno langu;
saa ikaendelea na uongo wake.
Nikapapasa taipu gizani. Pale pa h
pana shimo laini, kama pengo la mtoto.
Utepe ulishakauka, karatasi iliambulia makovu tu,
lakini niligonga:

*abari za uko, baba.
Uko?*