Asilimia Tisa

Chikongola, saa nne usiku.
Nimefua soksi. Nimepanga viatu.
Nimemchambulia Somoe mchele wake,
wala hakuniomba.
Insha ya udongo ina jina langu tu
na tarehe ya juzi.

Kesho, nilisema Jumatatu.
Kesho ikaja, ikanikuta nimelala,
ikapita bila hodi.

Umeme ukakatika.
Alhamdulillahi, sababu hiyo!
Somoe akawasha tochi ya simu,
akaisimamisha juu ya ndoo:
"Chaji asilimia tisa,"
akageukia ukutani.

Nikaandika sentensi mbovu.
Ya pili ikaiegemea,
mlevi na mlevi mwenzake.
Ya tatu ikasimama yenyewe:
Udongo wa Newala hunywa mvua yote,
hauweki akiba.

Tochi ikazima.
Nikaendelea gizani,
mistari ikipandana.