Tawi la Upande wa Dirisha

Jumatano saa saba mchana redio ilisema kimbunga,
ikasema pwani yote ya kusini,
kisha ikaweka tangazo la sabuni.
Mama alizima jiko, ugali haujaiva,
akajifunga khanga kiunoni mara mbili:
Kalete panga la baba yako.

Kuna mkorosho umeegemea chumba chetu, hapa Mahurunga.
Tawi lake la upande wa dirisha
lilinilipia ada kidato cha kwanza na cha pili,
cha tatu likasaidiana na mbuzi.
Tulilikata.
Lilishuka polepole, kama mtu mzima anayekaa mkekani,
utomvu ukaniunguza kiganja.
Mama alikuwa ametazama pembeni.

Baada ya hapo hakukaa chini.
Mabati tuliyaongezea misumari, ile yenye kofia,
tukapitisha kamba ya katani juu ya paa, nguzo hadi nguzo,
nyumba ikakazwa kama mzigo wa abiria asiyemwamini utingo.
Madumu manne ya maji, la kunywa lina alama ya mkaa.
Kiberiti ndani ya kopo la maziwa.
Simu ipeleke kwa Mnaliwa, ole wako uirudishe haijajaa.
Vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba,
kitabu cha chama cha msingi,
picha moja ya baba, amefumba macho,
vyote katika mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya mfuko,
ukatundikwa nyuma ya mlango.
Nyumba hujengwa, alisema. Karatasi hazioti.

Likapa, fundi baiskeli, alisimama barabarani akicheka:
Somoe, umeifunga nyumba isitoroke?
Ndiyo, alijibu. Yako ikitoroka, njoo ulale kwangu,
chumba cha kati kina nafasi.

Chumba cha kati hakina dirisha.
Tulilala humo na viatu miguuni,
mimi, wadogo zangu, kuku watatu chini ya tenga.
Saa nane usiku upepo ulifika,
ukashika bati moja, ukalitikisa,
ukalifikiria,
ukaliachia.
Kukawa kimya.
Nikainuka nichungulie nje,
mama akanishika sikio gizani, hakukosea hata kidogo:
Bado.

Asubuhi uani palikuwa na majani,
ndoo ya jirani,
na Likapa, aliyelala kwake:
Mmeukata mti wa watu bure!

Mama hakumsikia. Simu ilikuwa sikioni.
Usiku kimbunga kilikuwa kimegeuza njia
kikavuka Ruvuma,
kikashukia ng'ambo, kwa mama mdogo Nantupa,
ambako pesa ni nyingine na salamu ni zetu.
Mteja unayempigia hapatikani.
Alipiga tena.
Alipiga mpaka yule dada wa kwenye mtandao
nikamchukia kama mtu ninayemjua.

Ijumaa Likapa alikuja bila kicheko.
Hakusema pole. Aliegemeza baiskeli ukutani,
akapanda juu ya paa,
akaifungua kamba yetu fundo kwa fundo, hakuikata,
akaikunja, akaifunga kwenye keria
pamoja na misumari iliyobaki na madumu mawili,
akaelekea mtoni.

Siku ya tano iliita namba tusiyoijua.
Sauti kavu, ya mbali, haikuanza na shikamoo wala habari:
Dada, nyumba mliifunga?
Tuliifunga, mama alisema,
na hapo ndipo alipokaa chini,
palepale mlangoni, miguu nje,
tangu Jumatano.

Pale tulipokata, gome limejikunja ukingoni, bado halijafunga.
Mwanga unaingia dirishani ambao hatukuuzoea,
unafika mpaka kwenye mfuko.
Mwaka huu nimeongeza karatasi moja:
namba mpya ya mama mdogo,
kwa kalamu ya wino, tarakimu kubwakubwa,
kwa sababu simu huzimika.