Ulikwama Wapi?

Shimanzi, saa nne, mabati yashaanza kulia kwa joto.
Fundi Mwakombo yuko chini ya gari la mtu,
miguu tu ndiyo inayoniitikia salamu.
Nimemletea Landirova ya marehemu kaka yangu
na bahasha ya chama chetu cha Jumanne,
zamu yangu, baada ya miezi kumi na moja ya kungoja.

Nimekuja na orodha.
Bampa pana kama kifua cha bondia.
Taa sita za juu.
Springi za kuliinua gari inchi mbili.
Bomba la pumzi, lipande hadi paani.
Na winchi, mwisho kabisa, kwa wino uliofifia,
maana binamu yangu Bakathir kasema
winchi ni ya wasiojua kuendesha.

Mwakombo akatoka, akajifuta mikono kwa tambara
lililoshinda mikono kwa uchafu.
Orodha hakuisoma.
"Ulikwama wapi?"

Si wataka nini. Si una ngapi.

Nikamwambia.
Bonde la Mwache, mwezi wa tano,
nyuma nina pampu ya maji ya shule na magunia ya saruji,
na udongo ule mweusi
ambao ukiupa mguu wadai na goti.
Gari likakaa. Likakaa kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau.
Wakaja watu kumi na mmoja na waya wa chuma.
Wakavuta, wakavuta,
waya ukakatika.
Sikuuona ukipita. Niliusikia.
Nyevu akapoteza vidole viwili
vya mkono wa kulia, ule wa kusukia makuti.
Hakunidai hata senti,
na hilo ndilo nililobeba hadi leo.

Mwakombo kimya. Akaokota msumari,
akapiga hesabu kwenye vumbi la boneti:
gari tani mbili, mzigo kilo mia nane,
zidisha mara moja na nusu,
"na tope halijui mizani, kwa hivyo usipunje."
Ratili elfu tisa na mia tano.
Akapiga mstari chini yake, kama mwalimu.

"Waya au kamba?
Waya ni rahisi, wastahimili mawe, wastahimili jua.
Kamba ya nailoni ni ghali, yaogopa mchanga,
utaiosha kama nguo ya mtoto mchanga.
Lakini ikikatika, aghalabu huanguka palepale..."

Sikumngoja amalize.
"Kamba."

Mwembe Tayari, dukani kwa Taherali,
tulivutana bei hadi chai ikapoa mara mbili.
Akanisukumia taa: "Mbili nakupa kwa ya moja, dada, zang'aa hadi Voi!"
Nikamwambia usiku mimi hulala.
Winchi ya mtumba, mota nzima, gia hazilii.
Kamba mpya, rangi ya chungwa.
Bampa akalichomelea Mwakombo kwa vyuma vyake kuukuu,
baya, lakini halitikisiki.
Bakathir akalizunguka gari, akacheka:
"Umelipa pua, ukalinyima macho."

Tukaijaribu uani, tumeifunga kwenye kontena lenye kutu.
Mwakombo akatandika gunia bichi juu ya kamba,
akawafukuza watoto, akanifukuza na mimi.
Gari likasogea polepole,
kama mtu anayekiri deni.

Usiku simu ikalia. Nyevu.
"Nasikia umenunua mashine ya kujivuta."
Nikasema ndiyo. Nilitaka kusema mengi, nikasema ndiyo.
"Basi njoo. Lakini usije ukaifunga kwenye mkorosho wangu,
ukaukata ganda. Mwaka huu umetoa maua."

Bahasha ilibaki na elfu mbili na mia nne.
Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Taherali kabla hajafungua,
nikanunua mkanda mpana,
ule wa kuvishia mti.