Gavana wa Velmark

Saa nane usiku, Duluth. Theluji imefunika ngazi ya tatu,
na mimi, Arvid Niskala, fundi wa boila hospitalini,
ni gavana wa Velmark, muhula wa nne.

Watu wangu ni milioni mbili, laki moja na sita.
Hao sita niliwaongeza
ili hesabu isionekane ya kupikwa.
Wote ni hewa. Kwingine mtu akikutwa na wapiga kura hewa
hufikishwa mahakamani;
sisi, kwenye mchezo wetu, tunawajengea madaraja.

Velmark ina mito miwili na reli isiyofika popote,
maana Tamsin wa Boise, aliyechora Ondessa, jimbo jirani,
alikuwa na mtihani wa kemia wiki ile,
akasahau kuipokea mpakani.
Reli inakomea nyasini.
Nikaipa stesheni, stesheni nikaipa karani,
karani nikampa mshahara katika bajeti ya kila mwaka.
Upinzani umeukataa mshahara huo mara saba.

Upinzani ni Pernell, muuza matairi huko Tulsa.
Hatujaonana. Ameniita mfujaji, mbadhirifu,
kupe kwenye sikio la hazina.
Mke wangu alipoondoka alinitumia kadi, ya karatasi, yenye stempu.
Ndani mstari mmoja:
Mheshimiwa, kikao kinaahirishwa.

Usiku huu kuna hoja mezani.
Wachezaji wamepungua. Majimbo matano, watu kumi na mmoja;
Harrow amebaki seneta mmoja
anayegombea dhidi ya nafsi yake, na bado anashindwa.
Hoja namba arobaini: Velmark iunganishwe na Ondessa,
jina lifutwe, bendera ipelekwe nyarakani.
Mtoa hoja ni Tamsin. Vifungu vinane,
hata koma haijapotea njia.
Nilimfundisha mimi kuandika hoja, akiwa na miaka kumi na minne.
Mfinyanzi hulia gaeni.
Nimekaa na kigae changu, nakisoma.

Ufunguo wa sanduku la kura ninao mimi, tangu mwaka wa kwanza,
kwa sababu siku ile hakuna mwingine aliyeutaka.
Naweza kuchakachua.
Bao la mkono, na refa ni mimi, na uwanja ni mtupu.
Boila chini inakohoa. Nashuka, naangalia geji, napanda.
Sikuchakachua. Sijui kama ni uadilifu
au ni uchovu wa zamu ya usiku.

Novemba nilipanga foleni ya uchaguzi ule mwingine,
ukumbi wa kanisa, viatu vinavuja maji sakafuni.
Dakika nne, nikatoka.
Hakuna aliyeniuliza nitamfanya nini karani.

Kwa hiyo naandika marekebisho, kifungu cha tisa:
*Stesheni ya mwisho wa reli itabaki,
na karani wake ataendelea kulipwa na jimbo jipya.*
Kanuni zinataka mtu wa kuniunga mkono.
Naangalia majina saba yakiwaka.
Réjean wa Bathurst hajaandika neno tangu Machi,
jina lake linawaka tu, kama taa ya choo iliyosahauliwa.
Dakika moja. Mbili.
Greda la theluji linapita nje, linarudi.

*Naafiki,* anaandika Pernell.
Hana la kuongeza. Yeye, mtu wa hotuba za kurasa tatu.

Sita ndiyo, mmoja kimya. Velmark imekwisha
saa tisa kasoro dakika kumi, bila bunduki,
bila hata mtu kugonga meza.

Kisha Tamsin, ambaye sasa karani ni wake,
anauliza anajaza orodha ya watumishi,
jina aandike nani?

Kidole kiko juu ya kibodi.
Miaka sita nimemlipa,
nimempa koti, likizo, jiko la kuni,
na sikuwahi kumpa jina.