Mashudu

Sanduku letu lina kufuli tatu,
na funguo zinalala nyumba tatu:
mmoja kwa Sechelela, upande wa kanisani,
mmoja kwa Lubeleje, fundi baiskeli,
wa tatu nauvaa shingoni, chini ya kanga.
Mimi ndiye mweka hazina hapa Mtanana.
Niliishia darasa la saba,
lakini kujumlisha sijawahi kukosea.

Alikuja mtaalamu kutoka Dodoma mjini,
akabandika karatasi nyeupe ukutani pa ghala,
akachora mnyororo.
Huu, akasema, ni mnyororo wa thamani:
pete ya kwanza mbegu, pete ya mwisho chupa dukani.
Nikanyoosha mkono.
Punda wangu, nikauliza, yuko pete ya ngapi?
Watu wakacheka. Yeye hakucheka, aliandika.
Kwa hilo nilimpenda kidogo.

Miaka yote tuliuza alizeti kwa mchuuzi,
kwa debe lake lililogongwa nyundo likatoka kitambi,
gunia likivikwa kilemba cha lumbesa;
kisha Januari tukayanunua mafuta yaleyale,
robo robo, kwenye chupa ya soda.
Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeikataa.

Basi tukaweka. Elfu mbili mbili, kila Jumatano.
Aliyeuza kuku aliweka,
aliyeuza mkaa aliweka akitazama chini,
Mama Nghambi aliweka fedha ya sanda yake,
akasema: sifi kabla mashine haijaunguruma.
Benki ikaongeza iliyopungua.
Nilitia saini hadi mkono ukasahau jina langu.

Mashine ikaja juu ya fuso, kijani kibichi,
ikateremshwa kwa kamba na matusi.
Ikakaa.
Umeme wa kijiji ulikuwa mwembamba,
unatosha taa, na redio ya Lubeleje;
mashine ilitaka njia tatu,
na njia tatu, tuliambiwa, ziko kwenye mchakato.
Miezi minne kuku walitaga chini yake.
Riba haijui mchakato.
Usiku nilikuwa naisikia ikitafuna,
kama mchwa ndani ya boriti.

Halafu umeme ukafika, na bei ya mafuta ikashuka.
Meli, walisema. Mafuta ya ng'ambo yametia nanga.
Mimi meli sijaiona.
Ila nilijua siku hiyo kwamba nayo ni pete,
na mtaalamu hakuichora.

Kilichotuokoa ni takataka.
Mashudu, yale makapi meusi
tuliyoyarundika nyuma ya ghala yakinuka,
mpaka kijana mmoja wa Kibaigwa, mfugaji wa kuku wa mayai,
akasimamisha pikipiki,
akachota, akanusa, akaonja kwa ulimi kabisa:
Kilo shilingi ngapi?
Tukatazamana. Hakuna aliyejua.
Nikataja bei nikitetemeka.
Akalipa bila kubisha,
na hapo nikajua nimetaja ndogo.

Mwaka huu mtaalamu amerudi na kamera,
anataka hadithi ya mafanikio.
Nimemwambia aandike yote:
kuku, meli, bei niliyoitaja kwa woga,
Chilongola aliyeuza plau alipe zamu yake ya mkopo
na mpaka leo analima kwa jembe la mkono,
na mvua ya Februari iliyokatika bila kuaga.
Bado tunakula ugali wa uwele kwa mlenda.
Mlenda sasa una tone la mafuta,
na ada ya Nyemo haina deni.
Umaskini haujaondoka Mtanana;
umesogeza kiti,
umekaa karibu na mlango.

Jumatano iliyopita Mama Nghambi
alidai fedha yake ya sanda, na faida yake.
Kufuli tatu zikafunguka. Nikamhesabia noti kwa noti.
Akazipima kwa kiganja,
nusu akairudisha sandukuni,
nusu akanunua vifaranga kumi na wawili,
akaniuliza, kwa sauti ya mteja,
mashudu siku hizi ni bei gani.